Historia ya sauti kubwa na masikio ya wapiga muziki wetu

Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alifika Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, kule Katanga. Huko alimrekodi kijana mmoja mpiga gitare, Mwenda Jean-Bosco. Kijana huyo aliimba kwa Kiswahili, na gitare yake ilikuwa ya mbao, bila waya wowote wa umeme. Gitare ya namna hiyo haiwezi kushinda hata watu kumi wanaoongea. Aliyetaka kumsikia Mwenda alipaswa kusogea karibu na kufunga mdomo.

Tuanzie hapo, ndugu msikilizaji, kwa sababu hiyo si historia ya kale. Wazee waliokuwa watoto wakati ule wangali nasi. Katika maisha ya mtu mmoja tu, muziki wa Kongo umetoka kwenye gitare inayoomba ukimya, ukafika kwenye bafle sita zilizopangwa kama ukuta mbele ya harusi, hata bibi wa nyumba ya tano anahesabu mapigo ya batri akiwa kitandani. Juu ya bibi huyo watu husema mara kwa mara, na viongozi wa miji hutoa makatazo juu ya kelele za usiku, zile zinazoitwa kwa Kifaransa tapage nocturne. Lakini juu ya yule anayekaa mita moja kutoka kwenye bafle, ni kusema mpiga batri, mpiga gitare, mwimbaji na fundi wa sono, ni nadra sana kusikia mtu akiuliza habari za masikio yake. Yeye anaonekana kama mtu anayefurahi, na anayefurahi hatumhurumii.

Ninaandika habari hii nikiwafikiria hasa vijana wa familia zilizokimbia vita. Wengi wao wanatafuta chakula kwa muziki. Wanapiga batri kanisani, wanashika mikro kwenye harusi, wanabeba na kufunga sono kwenye matanga na mikutano. Shamba waliliacha, mbuzi waliwaacha, vyeti vya shule viliungua au vilipotea njiani. Masikio walikuja nayo. Kwa mpiga muziki, masikio ndiyo shamba lake, na shamba hilo linaweza kuliwa polepole mwenyewe asijue, hadi siku moja anagundua kwamba hawezi tena kusikia kama gitare yake imepatana au la.

Umeme unaingia katika muziki

Mwaka wa 1953 Mbelgiji mmoja mpiga gitare, Bill Alexandre, alifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kufanya kazi katika studio ya CEFA. Alikuja na gitare ya umeme, na ndiye anayetajwa kuwa aliifungulia mlango katika muziki wetu. Mwaka uleule Joseph Kabasele alianzisha African Jazz, na mwaka wa 1956 OK Jazz ikazaliwa, ile ambayo Franco aliiongoza hadi kufa kwake mwaka wa 1989. Wakati huo sauti ilikuwa bado na adabu. Tarumbeta na saksofoni zilijitegemea kwa pumzi ya mtu, mashine za kukuza sauti zilikuwa ndogo, na muziki ulichezwa mara nyingi katika baa za wazi, chini ya nyota. Sauti isiyokuta ukuta wa kuugonga inakwenda zake. Jambo hilo tulikumbuke, tutalirudia tutakapofika kwenye makanisa yetu ya mabati.

Mwezi wa 12 mwaka wa 1969, vijana wa Kinshasa walianzisha Zaïko Langa Langa. Waliziweka kando tarumbeta, wakaipa batri na magitare kazi yote. Kuanzia mwaka wa 1982 wakaingia na maatalaku, wale wenye kupaza sauti ili watu wacheze, mkononi wameshika kopo tupu la dawa ya wadudu lenye vitu vinavyolia ndani yake. Kwa kucheza, hakuna kilichowahi kutupendeza zaidi. Kwa masikio, hesabu ilianza kubadilika. Mtu wa kupaza sauti anataka kusikika juu ya gitare, mpiga gitare anataka kujisikia juu ya batri, na batri haina kitufe cha kupunguza. Kila mmoja akipandisha kidogo, mwenzake naye anapandisha. Aliyewahi kusimama nyuma ya orkestra wakati wa mazoezi anaijua vita hiyo, na anajua kwamba hakuna anayeishinda.

Kuna mtu mmoja ambaye historia yake inaeleza jambo hili kuliko wote. Ni Mingiedi Mawangu wa Konono No 1, aliyefariki mwaka wa 2015. Yeye alikuwa mpiga likembe, kile chombo kidogo cha vyuma kinachochezwa kwa vidole gumba. Katika kijiji likembe inatosha. Katika Kinshasa, kati ya magari, baa na watu, haikusikika kabisa. Basi Mingiedi na wenzake walitengeneza mikro kwa sumaku za vyombo vya magari ya zamani, wakafunga na bafle za mdomo mpana zile zinazoitwa lance-voix, za mtindo uliobaki tangu wakati wa Wabelgiji. Mwaka wa 2004 muziki wao ulitoka Ulaya katika albamu iliyoitwa Congotronics, na Wazungu wakastaajabia sauti ile yenye kukwaruza.

Mimi ninaustahi sana ufundi wa Mingiedi. Lakini tazama sababu yake. Hakupandisha sauti kwa kiburi. Aliipandisha kwa sababu barabara ilikuwa imeshapandisha yake. Ndivyo ilivyo hadi leo katika miji yetu: jenereta inanguruma nje, moto zinapita, kanisa la jirani lina korali yake saa ileile, na ukuta kati ya makanisa mawili ni ubao tu. Anayewaambia vijana wetu wapunguze sauti bila kuangalia mahali wanapochezea hajafanya kazi yake.

Ndani ya sikio

Sauti ikiingia sikioni inagonga ngozi nyembamba ambayo wengi huiita ngoma ya sikio. Ngoma hiyo inatikisa mifupa mitatu midogo, nayo inatikisa maji yaliyomo katika sehemu iliyojikunja kama gamba la konokono. Humo ndani kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, karibu 15,000 katika kila sikio. Vinyweleo vinapoinama, ubongo unapata habari ya sauti. Mtu anazaliwa navyo, na vikifa havioti tena.

Mfano wake ni majani ya uwanjani. Watu wachache wakipita, majani yanalala, na asubuhi yanasimama tena. Ndiyo maana baada ya harusi masikio yanalia ii-ii-ii, sauti za watu zinakuwa kama zimefunikwa na blanketi, na kesho yake mtu anajiona amepona. Watu wakipita palepale kila siku, panakuwa njia, na juu ya njia hakuna majani. Zaidi ya hayo, vinyweleo vya sauti za juu na nyembamba ndivyo vinavyotangulia kufa, kisha ubaya unaendelea ndani. Hivyo mtu hawi kiziwi kwa siku moja. Anaanza kukosa tofauti kati ya “fika” na “shika”. Anasikia kwamba unaongea, lakini haelewi unasema nini. Nyumbani wanasema amekuwa na dharau. Mtoto anayesimama kila Jumapili karibu na bafle naye anaitwa mkaidi, anachapwa, wakati pengine hakusikia.

Ukubwa wa sauti unapimwa kwa desibeli, na hesabu yake inadanganya macho. Kuongeza desibeli 3 tu ni kuongeza nguvu ya sauti mara mbili. Taasisi ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi, NIOSH, inashauri mtu asipite saa 8 kwa siku penye desibeli 85. Kwenye 88 ni saa 4. Kwenye 94 ni saa 1. Kwenye 100 ni dakika 15. Sasa, batri inayopigwa kwa nguvu ndani ya chumba inapita 100 bila shida, kabla hata hujawasha bafle moja. Linganisha dakika 15 hizo na ibada ya saa nne, au na mkesha unaoanza jioni na kumalizika jogoo akiwika.

Kwa waliokimbia mapigano kuna jambo moja la ziada. Mlipuko wa bomu au risasi karibu na kichwa unaweza kupasua ngoma ya sikio mara moja. Ngoma hiyo mara nyingi hujifunga yenyewe, na mtu anafikiri yameisha. Vinyweleo vilivyokufa siku ile havikurudi. Kijana wa namna hiyo akikaa nyuma ya batri, anaanza kazi na akiba iliyopungua, na hakuna jicho litakaloona kwamba ana kidonda.

Wafua shaba walisikilizwa kwanza

Habari kwamba kelele inaua masikio si ugunduzi wa juzi. Mwaka wa 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Aliwatazama wafua shaba wa Venice, waliokaa pamoja katika mtaa mmoja wakipiga nyundo toka asubuhi hadi jioni, akaandika kwamba wanapoteza kusikia, na wakizeeka wanakuwa viziwi kabisa. Mwaka wa 1886, kule Glasgow, daktari Thomas Barr alipima wafanyakazi 100 wanaotengeneza mitungi mikubwa ya chuma ya mashine za mvuke. Aliwapima kwa mlio wa saa, kisha akawalinganisha na wabeba barua. Kati ya wale 100 wa chuma hakumpata mwenye kusikia kama kawaida.

Mwaka wa 1969 serikali ya Marekani iliweka kipimo cha kelele kwa viwanda vinavyofanya kazi na serikali: desibeli 90 kwa saa 8. Ni mwaka uleule Zaïko ilipozaliwa kwetu. Lakini sheria za namna hiyo zilimfikiria mtu wa mashine. Mpiga muziki hakufikiriwa. Mashine hutoa kelele, mpiga muziki hutoa furaha, na watu waliona kana kwamba sikio linajua kutofautisha hayo mawili. Halijui. Desibeli 100 za nyundo na desibeli 100 za ndombolo zinafika kwenye vinyweleo vilevile.

Waliolipa kwanza, na kusema hadharani, ni watu wa roki wa Uingereza na Marekani. Kundi la The Who la London lilijulikana kwa sauti kubwa. Mwaka wa 1967, katika kipindi cha televisheni Marekani, mpiga batri wao Keith Moon aliweka baruti kupita kiasi ndani ya ngoma yake, nayo ikalipuka karibu kabisa na Pete Townshend, mpiga gitare. Mwezi wa 5 mwaka wa 1976 walicheza katika uwanja wa Charlton, London, na sauti yao ikapimwa desibeli 126 kwa umbali wa mita 32 kutoka kwenye bafle. Kitabu cha Guinness kiliiandika kuwa rekodi ya dunia. Baadaye kitabu hicho kiliacha kuandika rekodi za aina hiyo, kisije kikawatia watu hamu ya kujiharibu masikio.

Townshend alipoteza sehemu ya kusikia kwake na akabaki na mlio usiokoma masikioni. Jambo lililonishtua mimi mtu wa redio ni kwamba yeye mwenyewe hakuweka lawama kubwa juu ya jukwaa. Aliiweka juu ya kaski za studio, zile tunazovaa kila siku, ambazo alizifungulia sauti kubwa kwa miaka mingi. Mwaka wa 2006 aliwaonya vijana wanaosikiliza muziki kwa vyombo vya mfukoni. Ukimwona kijana pembeni ya barabara na vile vya kuchomeka masikioni, na wewe uliyesimama hatua mbili unausikia wimbo wake, ujue anafanya kazi ileile.

Mwanamke mmoja alichukua hatua. Kathy Peck, mpiga gitare ya besi wa kundi la The Contractions la San Francisco, alicheza mwaka wa 1984 katika ukumbi mkubwa wa Oakland, kundi lake likitangulia Duran Duran. Baada ya siku ile masikio yake yalilia siku nyingi, na uwezo wa kusikia ukapungua. Mwaka wa 1988, yeye na daktari mmoja walianzisha shirika la H.E.A.R. la kuwafundisha wapiga muziki kulinda masikio, na Townshend alilisaidia kwa fedha. Ninamtaja Peck kwa sababu hakuwa nyota. Alikuwa mtu wa kundi la kutangulia, kama vijana wetu wanaocheza saa za kwanza za karamu, kabla wakubwa hawajafika.

Vizibo

Wanamuziki hawakuwa wajinga kuvikataa vizibo vya masikio. Mwaka wa 1907, Berlin, mtu mmoja aitwaye Max Negwer alianzisha kazi ya kutengeneza vizibo vya nta na pamba, na askari wa vita vya kwanza vya dunia walivitumia. Miaka ya 1970 vikaja vile laini kama godoro, unavyovisokota kwa vidole na kuviingiza, navyo vinavimba taratibu na kuziba. Vinafaa sana kwa mtu wa kiwandani. Ubaya wake kwa muziki ni kwamba vinakata sauti nyembamba kuliko sauti nene. Mwimbaji anajisikia kana kwamba anaimba ndani ya pipa. Hasikii tena matoazi ya batri wala maneno ya mwenzake. Anavitoa, anavitia mfukoni, na ana haki.

Ilingoja hadi mwaka wa 1988 ndipo Mead Killion wa kampuni ya Etymotic, karibu na Chicago, alipoleta kizibo cha ER-15, kinachopunguza sauti zote karibu sawasawa, kwa desibeli 15. Muziki unabaki muziki, ila ni kama umerudi nyuma hatua kadhaa. Tangu Ramazzini hadi kizibo hicho ni miaka 288. Kisha mwaka wa 1995 fundi wa sauti Jerry Harvey alimtengenezea mpiga batri Alex Van Halen visikilizio vya kuingia ndani ya sikio, vinavyoziba kelele ya nje na kumletea mpigaji sauti anayoihitaji tu, ili bafle za jukwaani zipunguzwe. Ndivyo hivyo mnavyoviona masikioni mwa waimbaji wakubwa kwenye video. Mnunuzi wake awe na fedha, na awe na busara pia, maana akivifungulia sana anarudi palepale kwenye kaski za Townshend.

Mwaka wa 2014 watafiti wa Ujerumani walitoa hesabu yao. Walichukua majina ya watu milioni 7 wenye bima ya matibabu, kati yao wanamuziki wa kazi zaidi ya 2,200. Wanamuziki walikuwa na hatari ya kupoteza kusikia kwa sababu ya kelele karibu mara nne ya watu wengine. Hao ni pamoja na watu wa violini na filimbi, wanaokaa kwa koti na tai. Si wa roki peke yao.

Na sheria? Umoja wa Ulaya uliweka kanuni mpya za kelele kazini mwaka wa 2003. Viwanda vya Uingereza vilianza kuzifuata mwaka wa 2006. Muziki na burudani vilipewa muda wa nyongeza, hadi mwezi wa 4 mwaka wa 2008. Hata hapo, wengi waliamini kwamba haziwahusu kweli, hadi kesi ya Chris Goldscheider. Huyu alikuwa akipiga viola katika Royal Opera House ya London. Tarehe 1 mwezi wa 9 mwaka wa 2012, wakati wa mazoezi ya opera ya Wagner, alikalishwa mbele ya watu wa tarumbeta. Sauti iliyofika sikioni mwake ilipita desibeli 130 katika kilele chake. Masikio yaliharibika, kazi akaiacha. Wenye jumba walijitetea kwamba muziki ni sanaa, haufanani na kelele ya kiwanda. Mwaka wa 2018 mahakama ilimpa haki mpiga viola, na mwaka wa 2019 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba alistahili. Kwa hukumu hiyo mwanamuziki alihesabiwa mfanyakazi kama wengine, na anayemweka mahali pa kuketi anawajibika kwa mahali hapo.

Kwetu sisi

Ninajua msomaji atasema: hayo ni ya watu wenye mahakama na bima. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2021 kwamba karibu asilimia 78 ya nchi maskini hazina hata munganga mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni moja. Hapa kwetu tunamwita munganga wa ORL, na walio vijijini au kambini wengi hawajawahi kumwona. Mwaka wa 2022 shirika hilohilo liliweka kipimo kwa kumbi za muziki, wastani usiopita desibeli 100. Sidhani kwamba kesho mtu atakuja na chombo kupima harusi zetu.

Lakini katika historia yote niliyoeleza, sehemu kubwa ya ulinzi haikuwa ya fedha. Ilikuwa ya kupanga mahali. Goldscheider aliumizwa na kiti chake. Vivyo hivyo kwetu, katika makanisa mengi bafle inawekwa chini, sakafuni, ikimwelekea mpiga batri mgongoni au waimbaji wa korali masikioni, kisha inafunguliwa hadi mwisho ili watu wa nyuma wasikie. Ukiipandisha juu ya kichwa cha mtu, juu ya meza au kinara, ikielekea watu wa nyuma, utaweza kuipunguza na wote watasikia. Mahali pa wazi, ukitoka mita moja hadi mita mbili kutoka kwenye bafle, sauti inapungua desibeli 6. Kwa kipimo cha NIOSH, zile dakika 15 zinakuwa saa nzima. Hatua moja tu ya mguu. Ndani ya nyumba ya mabati na simenti faida ni ndogo, kwa sababu sauti inarudi kutoka kila upande. Ndiyo maana ya kufungua milango na madirisha, na kutundika vitambaa au mikeka ukutani nyuma ya batri. Siku za mazoezi batri ifunikwe kwa nguo. Wapigaji wapokezane. Aliyemaliza zamu atoke nje kabisa, asikae pembeni ya bafle akinywa soda.

Pamba peke yake haitoshi, hata ikijazwa hadi ichungulie nje. Vile vizibo laini vikipatikana katika duka la dawa au kwa wanaouza vifaa vya ujenzi, vishikwe kwa mikono safi, visokotwe viwe vyembamba, sikio livutwe juu na nyuma kwa mkono wa pili, kizibo kiingizwe na kushikiliwa kidogo hadi kivimbe. Sauti itakuwa ya ndani ya pipa kama nilivyosema. Mpiga batri na fundi anayebeba bafle wanaweza kuivumilia; mwimbaji atavumilia kwa shida, basi yeye asogezwe mbali. Programu za simu zinazopima desibeli zipo, na ingawa si sahihi kama chombo cha kweli zinasaidia. Asiye na simu atumie mkono: mtu akiwa umbali wa mkono ulionyooshwa, na unalazimika kupaza sauti ili akusikie, mmeshafika mahali pa hatari.

Mlio wa masikio ukipita siku nzima baada ya kucheza, au sikio moja likizima ghafla, usingoje wiki. Nenda hospitali upesi, maana kwa sikio lililozima ghafla siku za kwanza ndizo zenye matumaini. Usimimine mafuta ya moto wala maji ya majani sikioni.

Nibakize neno moja kwa mafundi wa sono, ambao ninawapenda na ninafanya kazi nao. Fundi akikaa miaka mbele ya bafle, masikio yake yanapoteza kwanza sauti nyembamba. Yeye hajui. Anaona tu kwamba sauti “haina mwanga”, anapandisha kitufe cha sauti za juu, na wiki baada ya wiki anakipandisha zaidi, akiwachoma wengine ambao bado wanasikia vizuri. Hivyo sikio moja bovu linaharibu mengine mia. Korali ikiwa na shaka, imwite mtoto wa miaka kumi wakati wa kupima sono, asimame nyuma mwa kanisa, mbali na bafle. Yeye bado ana vinyweleo vyake vyote. Akiziba masikio, punguzeni.